Kutoka Misafara hadi Reli: Kinachopendwa na Kinachochukiwa Katika Ajira Kubwa Tabora

Wafanyakazi wa kampuni na mashirika makubwa hutofautiana kwa kazi zao, lakini wakiulizwa kinachowaweka kazini hutaja mambo yanayofanana: mshahara unaojulikana kiasi chake na siku yake, matibabu, nafasi ya kupanda cheo, jina la kujitambulishia mbele za watu, na wenzao wa kazi. Wakiulizwa kinachowaudhi, orodha nayo haibadiliki sana: maamuzi yanayofanywa na watu walio mbali wasioijua kazi yenyewe, ngazi ndefu za vyeo, uhamisho wa ghafla, na malipo yanayochelewa.

Magharibi mwa Tanzania, kwenye njia ya kale iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mambo haya yana historia ndefu kuliko kampuni yoyote iliyopo leo. Ajira ya mamia ya watu chini ya tajiri mmoja ilikuwa jambo la kawaida huko katika karne ya 19, enzi za misafara ya pembe za ndovu. Ikaendelea kwa reli iliyojengwa na Wajerumani, ikarithiwa na Waingereza, ikaingia mikononi mwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha Shirika la Reli Tanzania. Tangu kuja kwa reli, manufaa yaliyomfanya mfanyakazi ampende mwajiri mkubwa ndiyo yaliyomfanya ashindwe kumwacha, na katika vipindi vyote manung'uniko makubwa kuliko yote yalizuka pale manufaa hayo yalipoahidiwa na yasitolewe.

Msafara kama mwajiri

Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, eneo la Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wameshajenga nyumba zao na wana maghala ya bidhaa. Wanyamwezi nao walikuwa wazoefu wa njia ya pwani, kwa kuwa walikuwa wakipeleka pembe na bidhaa nyingine kwa misafara yao wenyewe. Msafara mmoja uliweza kuwa na mamia ya watu, na mikubwa ilizidi 1,000.

Watu wengi hivyo hawawezi kwenda pamoja bila mpango. Juu alikuwa tajiri mwenye mali au wakili wake. Chini yake walikuwa wanyampara waliosimamia makundi, kirangozi aliyetangulia na kuijua njia, askari wa ulinzi, kisha wapagazi wenyewe. Mzigo wa kawaida ulikuwa karibu frasila 2, yaani kilo 32 hivi, ukiacha sufuria, mkeka na silaha ya mpagazi mwenyewe. Wabeba pembe kubwa walikuwa na heshima yao, maana kazi hiyo ilitaka nguvu na uzoefu.

Malipo yalitofautiana. Wapagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida walipatana ujira wa safari nzima, wakalipwa nguo za merikani na kaniki, shanga au waya. Wapagazi wa pwani, walioitwa waungwana, walioajiriwa Zanzibar na safari za Wazungu katika miaka ya 1870 walilipwa kwa mwezi, karibu riale 5, na walidai sehemu ya mshahara kabla ya kuondoka. Juu ya ujira kulikuwa na posho: kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo ya kununulia chakula njiani. Kulikuwa hata na mawakala wa kutafuta watu. Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alijulikana kwa kuwapatia wasafiri na serikali ya Wajerumani wapagazi wa kutosha, kazi inayofanywa leo na kampuni za kuajiri kwa niaba ya wengine.

Alichokipenda mpagazi na alichokikataa

Kazi ya kubeba mizigo ilikuwa ngumu, lakini vijana wa Unyamwezi waliifuata kwa hiari. Kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Nguo alizorudi nazo zilisaidia mahari, ng'ombe na jembe, na njiani aliweza kufanya biashara yake ndogo pembeni. Kazi yenyewe ilifuata majira: wengi waliondoka baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, na walijitahidi kurudi kabla ya mvua ili walime. Wapo waliofuatana na wake zao, waliobeba vyombo na kupika kambini.

Ushirika ulikuwa sehemu ya malipo. Wapagazi waliishi katika vikundi vidogo vilivyopika chungu kimoja, wakajengeana vibanda vya majani, wakauguzana. Nyimbo na ngoma ziliwapa mwendo. Zaidi ya hayo palikuwa na desturi zilizojulikana na kila mtu: uzito wa mzigo, mapumziko, kiasi cha posho. Mpagazi alijua haki yake kabla ya kujitwika.

Desturi hizo zilipovunjwa, ugomvi ulianza. Mahali pabaya palikuwa Mgunda Mkali, pori lenye shida ya maji kati ya Ugogo na Unyanyembe (eneo la Tabora), ambapo msafara ulilazimika kutembea hadi jioni ili uwahi kisima. Ugogo wenyewe ulikuwa na ucheleweshaji wa aina nyingine: watawala wa huko walidai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuruhusu watu kupita, na kila siku ya majadiliano ilipunguza akiba ya chakula. Ndui na njaa viliua wengi. Lakini kulikuwa na taabu ya njia, ambayo mpagazi aliitarajia, na kulikuwa na dhuluma, ambayo hakuikubali. Tajiri aliyepunguza posho, aliyeongeza mzigo katikati ya safari au aliyetumia kiboko alipata jibu haraka.

Jibu hilo lilikuwa na hatua zake. Kwanza wanyampara walipeleka neno kwa tajiri. Neno lisiposikilizwa, mizigo iliwekwa chini na watu wakakaa, na tajiri aliyekuwa katikati ya pori hakuwa na wa kumkodi badala yao. Hatua ya mwisho ilikuwa kutoroka usiku. Wazungu waliandika sana juu ya utoro huo wakiuona kama udhaifu wa tabia, ilhali kwa mpagazi ilikuwa njia ya kuvunja mkataba ambao upande wa pili umeshauvunja. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu nyumbani alikuwa na shamba, na misafara mingine ilikuwa ikipita. Habari za tajiri mbaya nazo zilisafiri, hata safari iliyofuata akapata taabu ya kupata watu.

Reli yachukua nafasi ya njia ya miguu

Serikali ya Wajerumani ilileta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na kodi hiyo ikawasukuma wanaume wengi watafute kazi ya fedha, ikiwamo ya mashamba ya mkonge na ya ujenzi wa reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, umbali wa zaidi ya kilomita 1,250. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache. Upagazi wa masafa marefu ukakosa soko kwenye njia hiyo, ingawa Vita Kuu ya Kwanza iliurudisha kwa nguvu, safari hii kwa kulazimishwa na majeshi. Wabelgiji waliiteka Tabora mnamo Septemba 1916, kisha Tanganyika na reli yake zikawa chini ya Waingereza.

Waingereza walijenga tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, na baadaye tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Tabora ikawa makutano ya njia. Treni za Dar es Salaam, Kigoma, Mwanza na Mpanda zilibadilishia hapo madereva na mabehewa, na injini zilifanyiwa matengenezo hapo. Mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara ukawa mji wa madereva, wachochea moto, magadi, makarani, stesheni masta, mafundi wa karakana na magenge ya kutunza njia.

Kota, pasi na pensheni

Kazi ya reli ilitoa vitu ambavyo msafara haukuwa navyo. Mshahara ulilipwa kila mwezi, kiangazi na masika. Palikuwa na kota, nyumba za shirika zilizojengwa karibu na stesheni, na mtumishi hakuhangaika na kodi ya pango. Palikuwa na matibabu. Palikuwa na pasi ya safari iliyomwezesha mtumishi na familia yake kupanda treni bure waendapo likizo, faida kubwa katika nchi ambayo barabara zake zilikuwa mbovu. Mwishoni kulikuwa na kiinua mgongo au pensheni.

Kulikuwa pia na ujuzi. Kijana aliyeanza kwa kazi ya chini aliweza kujifunza ishara, breki, injini au hesabu za stesheni, na Tabora ilipata chuo cha kufundisha kazi za reli ambacho kimewaandaa watumishi wa vizazi kadhaa. Ujuzi huo ulimpa mtu jina. Dereva wa treni alijulikana mjini, na watoto wa kota walisoma na kucheza pamoja bila kujali kabila, kwa kuwa wazazi wao walitoka kila pembe ya nchi na hata nje yake. Kwa wengi, reli ilikuwa mwajiri, mwenye nyumba, daktari na msafirishaji kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo tofauti na mpagazi ilipojengeka. Mpagazi aliyeudhika alipoteza ujira wa safari moja. Mtumishi wa reli aliyeacha kazi alipoteza mshahara, nyumba, matibabu, pasi na haki ya uzeeni kwa siku moja. Kadiri miaka ya utumishi ilivyoongezeka, ndivyo gharama ya kuondoka ilivyopanda.

Manung'uniko ya reli

Nung'uniko la kwanza katika enzi ya ukoloni lilikuwa ubaguzi wa rangi ndani ya ngazi za kazi. Wazungu walishika uongozi, Waasia wakawa wengi katika ukarani, usimamizi wa stesheni na ufundi, na Waafrika wakawekwa chini. Daraja liliamua mshahara, aina ya nyumba na hata mahali pa kukaa ndani ya treni. Mwafrika mwenye ujuzi wa miaka mingi aliweza kumfundisha kazi kijana ambaye kesho yake angekuwa bosi wake.

La pili lilikuwa umbali wa wenye maamuzi. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda kuwa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Nairobi. Ombi la mtumishi wa Tabora lilipanda kutoka kwa msimamizi wake hadi wilayani, Dar es Salaam, kisha Nairobi, na jibu likashuka kwa njia hiyohiyo. Mkubwa wa Tabora, hata akiwa mwema, mara nyingi hakuwa na mamlaka ya kuamua.

La tatu lilikuwa zamu na uhamisho. Mji wa makutano haulali: treni hufika usiku, na anayeiendesha huitwa kazini usiku. Madereva na magadi walilala mbali na nyumbani kila wiki, na barua ya uhamisho iliweza kuipeleka familia nzima Kigoma au Morogoro. Watu wa magenge ya njia walikuwa na taabu yao: jua, mvua na upweke wa kambi za porini, huku mshahara wao ukiwa wa chini.

Kwa kuwa kuondoka kuligharimu mno, watumishi wa reli walijifunza kubaki na kusema. Septemba 1947 mgomo ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam ulifuata njia ya reli kuelekea bara na kufika miji ya Reli ya Kati, Tabora ikiwa mojawapo. Reli yenyewe ilirahisisha jambo hilo, kwani habari zilipanda treni pamoja na abiria. Mwanzoni mwa 1960 chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, ambacho katibu mkuu wake alikuwa Kasanga Tumbo, kiliongoza mgomo uliodumu karibu miezi 3. Ugomvi wa mishahara wa miaka hiyo haukutenganika na madai ya Waafrika kupewa nafasi za juu.

Uhuru, Jumuiya na deni la mafao

Uhuru uliondoa ubaguzi wa daraja kwa rangi, na Waafrika wakapanda hadi uongozi wa juu. Lakini sauti ya wafanyakazi ilibanwa. Sheria ya mwaka 1962 ilifanya mgomo halali kuwa mgumu mno, na mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vilivunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na chama tawala, TANU. Mtumishi wa reli sasa alikuwa na gharama kubwa ya kuondoka na njia finyu ya kulalamika.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kila nchi ilichukua reli zake, na Tanzania ikaunda Shirika la Reli Tanzania, TRC. Wengi waliendelea na kazi, lakini swali la nani atalipa mafao ya miaka waliyoitumikia Jumuiya lilibaki. Mkataba wa mwaka 1984 wa kugawana mali na madeni uliziachia serikali za nchi wanachama wajibu wa kulipa. Malipo yalisuasua, kesi zikafunguliwa, na ni mwaka 2005 tu ambapo serikali ya Tanzania na wastaafu hao walifikia makubaliano mahakamani. Hata baada ya hapo wazee waliendelea kuandamana Dar es Salaam wakidai kwamba hesabu haikukamilika, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Watu hawa hawakulalamikia ugumu wa kazi. Walikubali mshahara wa wastani, zamu za usiku na uhamisho kwa sababu mwishoni kulikuwa na ahadi. Waswahili husema ahadi ni deni, na katika ajira ya muda mrefu msemo huo una maana ya kihesabu: mfanyakazi humkopesha mwajiri sehemu ya jasho lake kila mwezi akitarajia kulipwa uzeeni.

Ubinafsishaji na kurudi kwa shirika

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa ya uhaba wa vipuri, injini mbovu na upunguzaji wa watumishi. Mwezi Oktoba 2007 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni mpya, Tanzania Railways Limited, ambayo kampuni ya RITES ya India ilimiliki asilimia 51 na serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka uliofuata wafanyakazi waligoma kudai mishahara, na serikali ikalazimika kuingilia. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu njia katika maeneo ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Mkataba na RITES ulivunjwa, reli ikarudi serikalini, na sheria ya mwaka 2017 ikaliunda upya Shirika la Reli Tanzania.

Kipindi hicho kilionyesha namna mfanyakazi anavyoupima ukubwa wa mwajiri. Kampuni ilikuwa kubwa, ya kimataifa na yenye mtaji wa nje, lakini siku ya mshahara haikuwa na uhakika. Ukubwa usioleta uhakika hupoteza sababu kuu ya kupendwa.

Madini, sheria mpya na reli mpya

Mkoa wa Tabora umewahi kuwa na mwajiri mkubwa wa aina nyingine. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride wilayani Nzega, uliomilikiwa na Resolute ya Australia, ulianza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990 ukiwa wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya kisasa nchini, na ulifungwa mwaka 2013. Ajira ya mgodi wa namna hiyo hutoa vifaa vya usalama, mafunzo ya mitambo na malipo ambayo ni nadra mjini Nzega. Udhaifu wake ni muda, maana mgodi huisha pamoja na mwamba wake, na fundi hulazimika kufuata dhahabu Kahama au Geita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kiwango cha chini ambacho hakitegemei tena desturi ya njia wala hisani ya shirika: saa 45 za kawaida kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na utaratibu wa usuluhishi kabla ya mgomo. Hata hivyo malalamiko juu ya malipo ya mwisho hayajaisha. Mwaka 2018, baada ya mifuko kadhaa ya pensheni kuunganishwa kuwa PSSSF, kanuni mpya ya mafao, maarufu kama kikokotoo, ilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa hata ikasitishwa mwaka huohuo. Julai 2022 kiwango kikawekwa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 kikapandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 zamani. Mjadala huo ulikuwa mkali kwa sababu uligusa kilekile kilichowaumiza wazee wa Jumuiya: kubadilisha masharti baada ya mtu kutumikia upande wake.

Sasa reli ya kisasa inajengwa kutoka Makutupora hadi Tabora, na kutoka hapo kuelekea Isaka na Kigoma, wakati treni za umeme zimekuwa zikisafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024. Ajira zake ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya mkandarasi: fedha taslimu, ujuzi wa haraka na mkataba unaokwisha kipande cha njia kinapokamilika. Inafanana na ajira ya mpagazi kwa kuwa haimfungi mtu, lakini mpagazi alikuwa na shamba la kurudia na misafara mingine ya kuchagua, ambavyo si kila kibarua wa leo anavyo. Ya pili ni ya shirika lenyewe, yenye cheo, mafunzo na pensheni, na yenye kumfunga mtu kama reli ya zamani ilivyomfunga baba yake.

Kwa pande zote mbili, vipimo vya mwajiri mkubwa mzuri vimebaki vichache na vilevile tangu enzi ya misafara. Cha kwanza ni malipo yanayofika siku iliyotajwa. Cha pili ni masharti yanayojulikana mapema na yasiyobadilishwa katikati ya safari. Cha tatu ni ngazi ambayo mwenye ujuzi anaweza kuipanda. Cha nne ni mkubwa wa karibu mwenye mamlaka ya kujibu, kwa kuwa shauri la mnyampara lilimfikia tajiri siku hiyohiyo, ilhali la mtumishi wa kota lilisafiri hadi Nairobi. Cha tano, kinachopimwa mwisho ingawa ndicho kilichoacha makovu mengi zaidi Tabora, ni hesabu inayofungwa kwa ukamilifu siku mtu anapotua mzigo.